Mwongozo Kamili wa Kusafiri kwa Lifti Kutoka Malindi Hadi Tanga na Segera

Waulizaji wanaonijia kuhusu safari za lifti kuvuka mpaka wa Lunga Lunga, kati ya Kenya na Tanzania, karibu wote huwa wamekwisha kujaribu wakashindwa, na hadithi zao hufanana. Mmoja ametoka nyumbani saa mbili asubuhi, akasimama Ukunda kando ya barabara akipunga mkono hadi jua likampiga utosini, kisha akapanda matatu kwa hasira. Mwingine amefika Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka huo, akiwa na kitambulisho cha taifa peke yake, akarudishwa. Wa tatu alipata gari vizuri, akasafiri kwa raha, na aliposhuka akadaiwa nauli ambayo hakuwa nayo.

Nimeyachunguza makosa haya na naona mengi yanatokana na mazoea ya kuiwinda lifti barabarani, wakati gari linapita kwa kasi na dereva hana nafasi hata ya kuiona sura yako. Lifti huombwa kwa mdomo, kwa mtu ambaye amekwisha kusimamisha gari lake kwa shughuli zake mwenyewe. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya jambo hilo.

Mwongozo huu unahusu njia ya kusini: Malindi, Mombasa, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga na njiapanda ya Segera. Njia ya kaskazini, kutoka Garsen kupitia Witu hadi Mokowe, sikushauri uombe lifti hata kidogo. Barabara ile imewahi kushambuliwa, magari yamekuwa yakisindikizwa na polisi, na mgeni asiyejulikana ndani ya lori la mtu humletea dereva maswali mengi. Anayekwenda Lamu na apande basi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

Pasipoti. Mkenya anaweza kuingia Uganda au Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kuwa Tanzania nayo ni hivyo hivyo. Sivyo. Kwa Tanzania unahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Viza huhitaji, kwa kuwa wewe ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hii huhesabiwa kuwa imeanza kukulinda baada ya siku 10, kwa hiyo mtu anayechanjwa leo na kusafiri kesho amebeba kadi isiyomfaa. Tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha, hivyo aliyechanjwa zamani hana haja ya kurudia. Wako watu watakaokuuzia kadi bila sindano. Usiikubali, kwa sababu ukigunduliwa utakuwa umebeba hati ya kughushi katika nchi ya watu.

Pesa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la matumizi ya siku, likae mfukoni. La pili ni nauli kamili ya basi ya kukurudisha nyumbani kutoka mahali pa mbali kabisa unapokusudia kufika, lishonewe ndani ya nguo au lifichwe chini ya soli ya ndani ya kiatu, na lisiguswe. La tatu ni malazi ya usiku mmoja katika gesti ya kawaida. Asiyeweza kutenga mafungu hayo bado hajawa tayari kwa safari hii. Lifti hupunguza gharama, lakini mtu anayeitegemea kwa kuwa hana kitu kabisa huishia kukubali gari lolote na sharti lolote.

Begi moja linaloweza kukaa mapajani. Kichwa cha lori hakina nafasi ya sanduku, na begi linalowekwa nyuma ni begi usiloliona.

Chakula na zawadi ndogo. Beba maji, tende na kisanduku cha halua. Zawadi hii ina kazi yake, nami nitaieleza katika Hatua ya 3. Uifunge kwa karatasi au uitie kikapuni, kwa sababu Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na tumezoea sana kuamini kuwa kile kifuko chembamba cha kufungia bajia hakihesabiwi.

Simu iliyojaa chaji, pamoja na namba za nyumbani zilizoandikwa kwenye karatasi. Kumbuka kuwa wakala wa Tanga hawezi kukutolea pesa za laini yako ya Kenya kama afanyavyo wakala wa Malindi. Ukitaka laini ya huko, isajili kwa pasipoti yako na alama za vidole. Usinunue laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Kuna kitu kimoja cha kuacha nyumbani, nacho ni miraa. Muguka unaouzwa hadharani kwetu ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria ya Tanzania, ambako huitwa mirungi, na kesi yake ni kesi nzito. Kagua mifuko yote ya nguo zako usiku kabla ya safari, ikiwemo ile ya koti ulilomwazima rafiki yako wiki iliyopita.

## Hatua ya 1: Gawa safari vipande, na vingine uvilipie

Usikusudie kwenda kwa lifti kutoka mlangoni kwako hadi Segera. Malindi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 120, matatu ni nyingi, na magari madogo yanayosimama njiani huwa yanatafuta nauli sawa na ya matatu. Ukiomba lifti kipande hicho utaokoa pesa kidogo na kupoteza asubuhi nzima, na asubuhi ndiyo mtaji wa safari hii.

Vipande vinavyofaa kuombewa lifti ni viwili: Mombasa hadi Lunga Lunga, ambako ni kilomita kama 100, na Horohoro hadi Tanga na kuendelea. Mpaka wenyewe utauvuka kwa miguu.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi yenye vipande vyote, nauli ya basi ya kila kipande kama ulivyoiuliza kwa wanaosafiri, na saa ya mwisho utakayosubiri kila mahali kabla ya kukata tamaa na kupanda basi. Mimi hujipa muda wa saa mbili.

## Hatua ya 2: Fika Kongowea kabla soko halijapoa

Wengi hupitiliza hadi kisiwani Mombasa, wakavuka kivuko cha Likoni, ndipo wakaanza kutafuta gari. Wanakuwa wameyaacha magari yao nyuma. Soko la Kongowea liko upande wa bara kabla ya daraja la Nyali, njiani kabisa kwa mtu anayetoka Malindi, na katika soko hilo huingia malori ya machungwa kutoka Muheza, hasa katikati ya mwaka msimu wake unapochanganya. Lori likishashusha machungwa hurudi Tanga, na mara nyingi hurudi tupu. Dereva wake ameshamaliza kazi, ameshalala kidogo, na anakwenda hasa unakotaka kwenda.

Ondoka Malindi mara tu baada ya sala ya alfajiri, kwa matatu ya kwanza unayoweza kupata, ili uwe Kongowea mnamo saa mbili. Ukifika saa nne utakuta maganda.

Lori la Tanzania utalitambua kwa namba zake, ambazo huanza kwa herufi T ikifuatwa na tarakimu tatu na herufi tatu. Magari ya biashara huwa na kibao cheupe na ya watu binafsi kibao cha njano. Usiyafuate malori ya mafuta. Ni hatari kwa mzigo wake, na madereva wake wamekatazwa kabisa kubeba mtu. Malori ya kampuni kubwa nayo yana vifaa vya kufuatilia mwendo, na baadhi yana kamera kichwani, kwa hiyo dereva anayekukatalia huenda analinda kazi yake. Unachokitafuta ni fuso au lori la mtu mmoja mmoja, ambalo mwenye kuamua yuko palepale.

Kabla ya kumsogelea mtu yeyote, nunua chai kwa mama muuzaji aliye karibu na malori, uketi kwenye benchi lake na utazame. Katika dakika ishirini utajua lori lipi limemaliza kushusha, dereva ni nani, ana macho mekundu au ametulia, na iwapo matairi yake hayajalika. Dereva anayepepesuka kwa usingizi mwache aende zake, hata kama ni yeye tu anayekwenda Tanga siku hiyo.

## Hatua ya 3: Omba kama mtu anayeomba

Hatua hii ndiyo inayoangusha wengi, na inaangusha zaidi vijana waliozoea Kiswahili cha mjini cha "boss, niangushe hapo mbele". Masikioni mwa Mtanzania wa makamo, neno "nipe" au "nataka" kutoka kwa mtu asiyemjua ni ukosefu wa adabu, hata likisemwa kwa tabasamu. Sema "naomba". Anza kwa salamu, na kwa aliyekuzidi umri salamu ni shikamoo.

Msalimie utingo kwanza. Utingo ndiye msaidizi wa dereva ambaye sisi tumezoea kumwita tanboi. Dereva ndiye anayeamua, lakini kiti unachokiomba ni cha utingo, na yeye ndiye atakayebanwa katikati kwa saa nzima. Akikuchukia, atamnong'oneza dereva neno moja tu na safari yako itakuwa imekwisha.

Nikueleze namna ilivyokuwa kwangu mara moja, kwa sababu mfano wa karibu hufunza zaidi. Utingo alikuwa juu ya bodi akikunja turubai, majani makavu ya michungwa yakimwangukia mabegani. Nilimshikia ncha ya turubai iliyokuwa ikiburura chini, tukaikunja pamoja bila ya kuzungumza. Dereva, mzee mwenye kofia ya kiua iliyochakaa, alikuwa amechutama kando ya gurudumu la mbele akinawa uso kwa maji ya dumu. Nilingoja amalize kujifuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mzee. Samahani kwa kukukatizia. Mimi natoka Malindi naelekea Tanga, na pasipoti yangu ninayo. Kama gari linarudi tupu na nafasi ipo, naomba unisogeze mpaka Lunga Lunga. Mpakani nitavuka mwenyewe."

Alinitazama, akalitazama begi. "Umebeba nini?"

"Nguo, mzee, na halua kidogo. Karibu ulitazame."

Alilifungua kweli, akapekua hadi chini, akakinusa kisanduku cha halua na kucheka. Kisha akamuuliza utingo, "Unamwonaje?" Utingo akajibu, "Amenisaidia turubai."

Yote ambayo dereva anahitaji kujua yamo katika maneno yale machache: unatoka wapi, unakwenda wapi, una karatasi, hutamletea shida mpakani, na uko tayari kupekuliwa. Usimsimulie matatizo yako ya pesa. Dereva wa masafa marefu amesikia hadithi za kusikitisha za kila aina, na hadithi humtia wasiwasi kuliko ukimya.

### Suala la pesa

Lizungumze kabla ya kupanda, hata kama unaona haya. Safari yangu ya pili nilichukuliwa na gari dogo pale Muheza, tukazungumza vizuri mpaka nikadhani nimepata rafiki, na tulipofika Segera mwenye gari akanitajia kiasi kilichozidi nauli ya basi. Sikuwa na la kusema, kwa kuwa sikuwa nimeuliza. Nililipa.

Uliza hivi: "Mzee, niseme mapema kuwa nauli sina ya kutosha, ninachoweza ni kuwanunulia chakula njiani. Itafaa?" Swali hili linamwachia nafasi ya kukataa bila ya kuonekana mbaya. Tena lina faida nyingine ya kisheria. Gari lisilo na leseni ya kubeba abiria haliruhusiwi kutoza nauli, Kenya wala Tanzania, na dereva akikutwa amepokea pesa yako ni yeye atakayeandikiwa kosa. Sahani ya wali na samaki mliyokula pamoja si nauli, na halua ni zawadi.

Jua pia kwamba bima ya lori la mizigo kwa kawaida haikuhesabu wewe. Ajali ikitokea, huenda usipate fidia kama abiria wa basi. Ninalisema hili ili ulipime mwenyewe kabla ya kuweka mguu kwenye ngazi.

Utajua umefaulu pale dereva atakapokuambia saa ya kuondoka na mahali pa kukaa. Akikujibu "tutaona" mara mbili, amekukatalia kwa heshima. Mshukuru na umwendee mwingine.

## Hatua ya 4: Ndani ya gari

Kabla ya kuondoka, mwambie dereva waziwazi kuwa unaipeleka nyumbani picha ya namba ya gari, ili mama asihangaike. Mwenye nia njema hatakasirika. Anayekasirika amekusaidia kuamua.

Kaa kichwani, ufunge mkanda kama upo. Usikubali kukaa juu ya bodi wala juu ya mzigo, hata kwa mwendo mfupi, kwani lori tupu huruka kwenye matuta kuliko unavyodhani. Likoni, shuka ukavuke na watembea kwa miguu, ambao hawalipi, kisha mkutane ng'ambo. Mle kivukoni ni heri uwe nje ya gari.

Usilale. Dereva anakuchukua kwa sababu mbili, huruma na mazungumzo, na ukilala umemnyima ya pili. Zaidi ya hayo, ni wewe utakayemwona akianza kusinzia. Mwulize habari za barabara, naye atasema. Siasa za nchi yake ziache, hata akizianzisha mwenyewe.

Polisi wakisimamisha gari na kukuuliza wewe ni nani, sema kweli: umepewa lifti, unakwenda mahali fulani, na hati zako ni hizi. Vijana hupenda kujiita "mpwa wa dereva". Askari atamwuliza dereva jina lako, na hapo ndipo mnapoaibika wote wawili.

## Hatua ya 5: Kuvuka mpaka kwa miguu yako

Shuka Lunga Lunga kabla ya kituo cha mpaka, hata dereva akikusihi ubaki. Sababu ni tatu. Karatasi za gari zina idadi ya watu wake, na wewe humo. Lori linaweza kukwama kwenye forodha kwa saa nyingi. Na kubwa kuliko zote, hujui kilichomo katika kila kona ya lori lile, na hutaki kuwa umekaa ndani yake linapokaguliwa.

Kwa sababu hiyohiyo usibebe kifurushi cha mtu yeyote kuvuka mpaka, kiwe dawa za mgonjwa, kiwe simu ya kupelekewa dada. Dereva aliyekupa lifti atakuomba kwa upole, na utajiona huna shukrani kwa kukataa. Kataa.

Kutoka mjini Lunga Lunga hadi kituoni unaweza kupanda bodaboda. Kituo ni cha pamoja, kwa hiyo taratibu za kutoka Kenya na za kuingia Tanzania hufanyika katika jengo moja, upande wa nchi unayoiingia. Toa kadi ya manjano kwanza, kisha pasipoti. Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, jibu ni kutembea, nalo liwe kweli, maana ruhusa ya mgeni haikupi haki ya kufanya kazi ya kulipwa. Usipige picha ya jengo, ya askari wala ya foleni.

Kabla ya kuondoka dirishani, fungua pasipoti uutazame muhuri. Soma tarehe na siku ulizopewa. Wako waliopita pembeni bila muhuri kwa kuonyeshwa njia na vijana wa pikipiki, wakaona wamewahi. Walilipia haraka ile siku ya kutoka.

Pesa badilisha kidogo tu hapo, ya kukufikisha Tanga. Ujue kiwango cha siku hiyo kabla ya kumkaribia mbadilishaji, hesabu noti zake kwanza mkononi mwako, na zikishatoka mkononi mwako kurudi kwake "kuhesabiwa upya", zihesabu tena tangu mwanzo.

Umefaulu ukiwa upande wa Horohoro na muhuri unaosomeka, shilingi za Tanzania, na jua likiwa bado juu.

## Hatua ya 6: Kutoka Horohoro hadi Tanga na Segera

Kama mliahidiana na dereva yuleyule, mngoje mahali mlipopatana, na saa mbili zikipita endelea na lako. Horohoro hadi Tanga ni kilomita kama 65 za lami kupitia Duga Maforoni, na mabasi madogo yapo.

Ukilazimika kusimamisha gari barabarani, simama upande wa kushoto, mbele kidogo ya tuta ambapo magari yamekwisha kupunguza mwendo, mahali penye nafasi ya gari kuegeshwa na ambapo dereva anakuona kuanzia mbali. Nyosha mkono, kiganja kikitazama chini, ukipungie ardhi taratibu. Kidole gumba kinachoinuliwa katika filamu za Kizungu huku humaanisha "mambo safi", na madereva watakujibu kwa kukipungia na kupita zao. (Atakayefika Rwanda, Burundi au Kongo akumbuke kuwa huko magari hupita kulia. Nimemsikia mtu aliyesimama upande usio wake nje ya Kigali muda mrefu, akishangaa ukatili wa watu.)

Magari yenye namba za serikali, ya balozi na ya miradi usiyasumbue. Na usishangae magari yakitambaa vijijini kwa mwendo wa 50 kwa saa. Trafiki wa Tanzania wana vipima mwendo wanavyoviita tochi, na hakuna dereva anayetaka kumulikwa kwa ajili yako.

Hata hivyo shikilia kanuni yetu: tafuta magari yaliyosimama. Kutoka Tanga, mahali pa kwanza ni Pongwe, ambako malori ya saruji huanzia safari. Pa pili ni Muheza. Pa tatu, na bora kupita pote, ni Segera penyewe, kwa kuwa hapo barabara ya Tanga hukutana na ile iendayo Korogwe na Moshi upande mmoja, na Chalinze na Dar es Salaam upande mwingine. Madereva husimama kula na kujaza mafuta. Ingia mgahawani, agiza chakula, salimia meza ya jirani, na uombe wakati wanapokunywa chai ya mwisho. Ukimwomba mtu mwenye njaa atakukatalia kabla hajakuelewa.

Dereva akisema "tunasimama kuchimba dawa", usitafute jembe. Ni kwenda haja porini.

## Mwanamke anayesafiri peke yake

Sitaficha maoni yangu: kipande cha lori sikushauri ukifanye peke yako. Safiri na mwenzako, na muombe gari ambalo ndani yake tayari yumo mwanamke au familia. Katika vipande vilivyobaki panda basi bila ya kujiona umeshindwa safari. Dereva akianza kuuliza kama umeolewa na utalala wapi usiku, jibu kuwa unasubiriwa, taja kituo kilicho karibu, na ushuke penye watu. Namba ya dharura ya polisi ni 112 katika nchi zote mbili.

## Hatua ya 7: Acha kuomba kabla ya magharibi

Saa kumi alasiri ndiyo mwisho wa kuanza kipande kipya. Jua huzama kabla ya saa moja, na giza la barabarani huja kwa mara moja. Mimi niliivunja kanuni hii mara moja tu, nikafika Segera usiku nikitumaini gari la mwisho, na nikakaa hadi alfajiri kwenye benchi la mgahawa nikinunua chai moja baada ya nyingine ili nisiondolewe. Chai zile zilinigharimu karibu sawa na chumba.

Lala gesti. Utapewa daftari ujaze jina, utokako, uendako na hata kabila lako, jambo linalowashtua wengi wetu. Ni utaratibu tu. Kagua kitasa cha mlango kabla ya kulipa, na uulize kama maji yapo sasa, usiulize kama huwa yapo.

Kuhusu kurudi, malori yaliyojaa machungwa hutoka Muheza kuelekea Kongowea jioni na kusafiri usiku, ili yakute soko la alfajiri. Madereva mliokwisha kujuana watakukaribisha kwa moyo mweupe. Lakini lori likiwa na shehena, usiku, pamoja na dereva anayekimbizana na bei ya soko, si gari la kuomba. Washukuru, waagize wakusalimie Kongowea, kisha lala Tanga na ulifungue lile fungu la pili la pesa kwa ajili ya basi la asubuhi.